Karani wa Alama

Saa nne asubuhi, Luján de Cuyo.
Zonda inavuma tangu alfajiri, upepo mkavu
unaoshuka milimani kama mtu aliyenyimwa haki yake,
kwa hiyo madirisha tumeyafunga, na nyufa
tumeziziba kwa matambara mabichi,
maana pua ikikauka, hukumu nayo imekauka.

Mimi sionji. Mimi ni karani.
Kazi yangu kalamu, jedwali, na kunyamaza.
Chupa ishirini na sita zimevishwa soksi za karatasi,
namba shingoni kama mahabusu,
Malbec zote, za mwaka mmoja zote,
na waamuzi watano waliokatazwa manukato, kahawa na vitunguu.

Wanaanza na macho.
Doña Herminda Tejerina anainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe,
anatafuta ukingo: ukiwa urujuani, mvinyo ni kijana;
ukiwa umegeuka rangi ya tofali, kuna mtu alilala kazini.
Anaizungusha, anaiacha itoe machozi,
ananusa mara moja tu.
"Pua," huniambia, "ni shahidi mwoga.
Neno lake la kwanza ndilo la kweli.
Ukimrudia-rudia, ataanza kukufurahisha."

Kisha kinywani. Wanasukutua, wanavuta hewa
kwa mlio wa mfereji uliofikiwa na zamu ya maji,
wanatema. Ndoo haibagui.
Nimeona mvinyo wa bei ya baiskeli ukitemwa
na mwenye kutema amefumba macho kwa shukrani.

Naandika wasemayo. Plamu iliyopitiliza. Moshi.
Ngozi ya tandiko. Mwaloni umemeza zabibu.
Ukakasi wa kistaarabu.
Nikauliza huo ni upi.
Lautaro, mdogo wao, akasema: ni ule unaobisha hodi
kabla ya kukukaba ufizi.

Namba tatu: tisini na mbili.
Laini kama hotuba ya harusi,
hakuna pa kuishikia. Wote waliafiki.

Namba kumi na tisa ikazua ugomvi.
"Zizi," alisema Bwana Delbreil, aliyetoka Cahors,
ukweni na ukoo wa mzabibu huu.
"Nanusa farasi aliyenyeshewa."
"Ni udongo," alisema Herminda.
"Ni pipa chafu."
"Ni mahali!"
Fermín Zuloaga hakutia neno. Alinusa, akaonja, akameza.
Akameza! Saa tano kasoro, ndoo iko gotini.
Nililiona koo likipanda na kushuka
na sikuwa na safu ya kuliandika hilo.

Ulimi hauna mfupa, lakini una woga:
kila mmoja aliibia jicho karatasi ya jirani,
na nusu alama ikagombewa
kama nusu eka ya urithi.
Nikajumlisha, nikagawa kwa tano. Themanini na moja.
Haina medali. Nikapiga mstari kwa rula.

Saa nane mbavu za ng'ombe zilitoka motoni zikichuruza.
Chupa zikavuliwa soksi, zikawekwa mezani bila daraja,
na mikono ikaenda ilikotaka yenyewe.
Zonda ilikuwa imechoka. Lautaro akafungua dirisha,
hewa ya theluji ikaingia, na mtu akaanza kusimulia
habari za mvua ya mawe ya Januari, shamba la nani lilipona.

Jioni nikaja kukusanya glasi.
Namba tatu ilikuwa imejaa hadi mabegani,
wima, nadhifu, na medali yake.
Kumi na tisa nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi,
kimebaki kidole kimoja cha mvinyo na mashapo.
Aliyekaa nayo karibu ni Delbreil,
meno urujuani, anakwangua mfupa.

Nikamimina kile kidole kwenye kikombe changu cha chai.
Farasi alikuwemo, kweli.
Alisimama mvuani, hana haraka,
kando ya shamba ambalo mtu amelilima kwa mkono.
Nikatafuta kalamu niongeze safu,
nikakumbuka jedwali limekwisha pigwa muhuri.

Kikombe nilikiosha,
ila si siku ile.